Mwanangu kavimba midomo shughulini Makorora, pumzi ikambana. Kati ya vyakula hivi, kipi kimemdhuru?

#1 MamaWaWatatu
Wana Tanga, hamjambo. Naombeni akili zenu, za nyumbani zimeniishia.

Jumamosi tulikuwa Makorora kwenye arobaini ya mtoto wa binamu yangu. Nilikwenda na kitindamimba wangu, ana miaka mitatu na miezi miwili, ana kipumu kidogo kinachomjia wakati wa baridi. Tulikaa sinia moja watu watano: pilau ya nyama, samaki wa kupaka, kachumbari, mkate wa ufuta pembeni. Baadaye zikaja kashata na juisi ya embe. Hata robo saa haijafika, mtoto akaanza kujikuna masikio. Nikadhani mbu. Mara midomo hiyo, kama kaumwa na nyuki. Akatapika, akashikwa na kikohozi kikavu, sauti ikakauka, halafu akanilegea mkononi.

Shemeji akakamata bajaji. Tulipofika hospitali nesi hakuuliza hata jina, alimchoma sindano ya paja, na haikuchukua dakika kumi mtoto anaomba maji. Tukalazwa mpaka kesho yake.

Daktari kasema ni mzio wa chakula, tutafute alichokula. Mama mkwe anasema ni jicho, kwa sababu nilimvalisha kanzu mpya na watu walimsifu sana. Jirani anasema samaki alikuwa kalala. Mimi sasa namlisha wali na maharage tu, kutwa mara tatu. Ni nini hiki?

#2 WajaLeo
Pole sana dada. Subiri hapo hapo, humu madaktari ni wengi kuliko hospitali ya Bombo, ila wa humu hawana vyeti.

#3 Mvuvi_Sahare
Kabla hamjamtafuta mwenye jicho, muulizeni samaki. Jodari, vibua, nguru na jamii yao wakivuliwa wakakaa juani bila barafu, vijidudu vinaingia kazini na nyama inajaa histamini. Histamini ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili wa mwenye aleji unaimwaga wenyewe. Uso unawaka, mabaka mekundu, kichwa kinagonga, kutapika. Na moto hauiondoi. Chemsha, kaanga, paka nazi na ndimu, iko pale pale. Niliwahi kuona boti nzima, watu sita, wamekula vibua vilivyolala, nyuso zote nyekundu utadhani wametoka kilabuni.

Kwa hiyo dada nijibu mawili. Samaki gani huyo? Na wangapi wengine waliumwa?

#4 MamaWaWatatu
Kaka nilimkuta ameshapakwa tui, sura yake sikuijua. Nadhani changu. Pale siniani hakuumwa mwingine.

#5 KijanaWaNgamiani
Basi samaki hana kesi. Lete faili la kashata.

#6 Mvuvi_Sahare
Hana kesi kwa hukumu ya nani? Histamini haienei sawasawa. Kipande kimoja kinaweza kuwa nayo tele, cha jirani yake hakina. Ila kama kweli ni changu, narudisha nyavu zangu, changu si wa jamii hiyo.

#7 NesiMstaafu
Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Naomba niseme la dharura kwanza, halafu mwendelee na upelelezi wenu.

Ngozi kuwasha peke yake ni jambo moja. Ngozi ikiwasha NA mtoto anatapika, au anakohoa na kubanwa, au analegea, hapo mwili mzima umeshaingia vitani, na dawa yake ni adrenalini. Siyo dripu kwanza, siyo vidonge. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Hospitalini tunapima kwa uzito: 0.01 mg kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anapata 0.15 mg. Asipopata nafuu anarudiwa baada ya dakika tano hivi au zaidi kidogo.

Mkiwa njiani mlazeni chali, miguu juu. Kama kifua kinabana aachwe akae, kama anatapika alazwe ubavu. Asisimamishwe na asitembezwe kumwona kama "amezinduka", maana presha ikiwa chini kumwinua ghafla kunaweza kummaliza. Kwenye bajaji mlaze mapajani.

Na wewe Mama, walikulaza kwa sababu. Hali hii inaweza kutulia kisha ikarudi saa kadhaa baadaye bila mtoto kula kitu kipya. Na hiyo pumu unayoiita "kidogo" usiidharau. Mwenye pumu ndiye anayebanwa vibaya zaidi.

#8 Shangazi_Zai
Nesi, mbona wangu alivimba macho baada ya kula mayai, duka la dawa wakanipa Piriton tukarudi nyumbani akapona?

#9 NesiMstaafu
Alipona kwa sababu ilikuwa ya ngozi tu. Piriton na setirizini zinatuliza kuwasha. Hazifungui koo na hazipandishi presha. Tatizo ni hili: mzazi anampa kidonge, mabaka yanapungua, anafurahi, kumbe kifua kinaendelea kufunga. Saa ya kwenda hospitali imepita anasubiri Piriton ifanye kazi.

Na mkaa, maziwa, maji ya dafu, msimtie mdomoni mtoto anayekoroma. Nimeyaona yote hayo, na mengine siyaandiki hapa.

#10 Binti_wa_Mkinga
Mimi nitasema ambalo mtalicheka. Kwetu upande wa mama hatuli pweza. Ni mwiko wa ukoo. Bibi alikuwa akisema atakayemla atababuka mwili na pumzi itamwisha, kwa kuwa pweza aliwahi kumsaidia babu yetu baharini. Kaka yangu akaenda kusoma Dar, akaona ni ushamba, akanunua pweza wa kukaanga kwa vijana wa jioni. Alivimba mpaka macho yakafumba. Sasa mniambie, ni mwiko au ni aleji?

#11 KijanaWaNgamiani
Ni pweza kalipiza kisasi. Alimsaidia babu, nyie mnamtia pilipili.

#12 MwalimuWaBayo
Binti wa Mkinga hatukucheki. Mwelekeo wa aleji hurithiwa, ingawa mzazi wa pweza anaweza kuzaa mtoto wa karanga. Inawezekana zamani mtu mmoja au wawili wa ukoo walibabuka, wazee wakaweka mwiko, na hadithi ya baharini ikaja baadaye kuupamba. Au kinyume chake, sibishi.

Ila nasahihisha kabla haijazagaa: aleji ya pweza, kamba au kaa siyo aleji ya samaki. Protini zinazogombana na mwili ni tofauti. Ya kamba inafanana na ya vijidudu vya vumbi la godoro na ya mende, ya samaki ni nyingine kabisa. Asiyekula kamba anaweza akala changu mpaka mifupa.

#13 Mama_Chuda
Mimi nina swali dogo kwa mleta uzi. Karanga alikuwa anakula? Kashata za shughuli nyingi ni za karanga.

#14 MamaWaWatatu
Anakula tangu ana mwaka. Uji wa lishe tunaununua umesagwa tayari, una karanga ndani. Kwa hiyo karanga nimeshazifuta.

#15 MwalimuWaBayo
Usizifute kwa sababu hiyo peke yake. Habari hii ilianzia baharini, Mvuvi utaipenda. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wafaransa wawili, Richet na Portier, walikuwa kwenye meli ya mtawala wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe vya bahari vinavyowasha. Waliporudi nchi kavu wakaendelea na mbwa, kwa sumu ya anemoni wa bahari. Mbwa alidungwa kiasi, akakaa salama. Wiki chache baadaye akadungwa tena kiasi kidogo, akafa muda huo huo. Walidhani wangemzoesha, kumbe ile mara ya kwanza ndiyo iliyomfundisha mwili wake kuchukia. Hiyo ilikuwa 1902, na 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwili hauchukii kitu usichokijua. Unakutana nacho kwanza, unakitia alama, kisha siku moja unalipuka. Kwa hiyo "alikuwa anakula" haimwachii mtu huru.

Lakini nakubali kwamba aliyekunywa karanga kila asubuhi miaka miwili bila hata kipele, karanga zinakuwa mshitakiwa wa mwisho mwisho.

#16 WajaLeo
Mbwa wa watu maskini. Na mimi hapa nasoma huku natafuna kashata, naisogeza pembeni taratibu.

#17 Mzee_wa_Chumbageni
Wanangu, sisi tulizaliwa kumi na mmoja, tumekula dagaa, korosho, mayai ya bata, embe lililookotwa chini. Aleji hatukuijua hata jina. Haya ni maradhi ya kizazi cha sabuni na maji ya chupa. Mtoto hachezi na udongo, mwili unakosa kazi, unagombana na chakula.

#18 Mdau_wa_Takwimu
Mzee ana hoja, hata wasomi wanayo. Afrika Kusini waliwapima watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Cape Town mjini wenye aleji ya chakula walikuwa 2.5%, vijijini kule Eastern Cape 0.5%. Wengine wanasema minyoo ndiyo inayoushughulisha mwili. Ghana wamekutwa watoto wenye kichocho ambao damu yao inaonyesha alama za aleji ya karanga, na karanga wanakula bila shida. Kwa hiyo hata ukipima damu, kipimo kusoma "ndiyo" hakutoshi kumfunga mtu.

#19 Shangazi_Zai
Sasa tuwarudishie watoto minyoo?

#20 Mdau_wa_Takwimu
Sijasema hivyo!

#21 Bi_Pongwe
Mzee wa Chumbageni, shikamoo. Kwa heshima naomba nikuulize. Hao kumi na mmoja mlikua wote?

Mama yangu alizaa tisa, tulikua sita. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaanza kula, akapewa yai la kuchemsha kwa mara ya pili au ya tatu. Akawa mwekundu, akatapika, akakoroma, jioni hakuwepo. Wakasema degedege, wengine wakasema kasifiwa sana sokoni. Hakuna aliyetaja yai. Na mimi leo sisemi ilikuwa yai, sina ushahidi. Nasema tu kwamba jina halikuwepo, ugonjwa sijui.

#22 Mzee_wa_Chumbageni
Marahaba mwanangu. Tulikua wanane. Umenikamata pabaya.

#23 Mama_Chuda
Innalillahi. Pole Bi Pongwe.

Narudi kwa mtoto. Hakuna aliyeugusa ule mkate wa ufuta. Marekani tangu 2023 ufuta umeingizwa kwenye vyakula vikuu ambavyo lazima vitajwe kwenye pakiti, pamoja na maziwa, mayai, karanga, ngano na wenzao. Mtoto alikuwa na ukurutu akiwa mchanga? Na mlikuwa mnamkanda kwa mafuta gani?

#24 MamaWaWatatu
Ukurutu alikuwa nao mashavuni na nyuma ya magoti mpaka ana mwaka na nusu. Bibi yake alimkanda kwa mafuta ya uto, ya ufuta. Kwani vinahusiana?

#25 MwalimuWaBayo
Vinaweza. Kuna daktari wa London, Gideon Lack, yeye na wenzake walikuta kwamba watoto wenye ukurutu waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga walikuwa wengi kati ya wenye aleji ya karanga. Wazo lake ni kwamba kinachoingia kwa ngozi iliyochanika mwili unakiona adui, kinachoingia kwa mdomo mapema unakiona mgeni wa heshima. Alilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli, ambako vitoto vinatafuna vitu vya karanga tangu vichanga. Uingereza aleji ya karanga ilikuwa kama mara kumi ya Israeli. Halafu wakachukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai, nusu wakalishwa karanga mapema, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Matokeo ya 2015: waliolishwa, aleji ilipungua kwa karibu asilimia 80.

Hilo ni kwa kuzuia kabla. Mtoto ambaye ameshalipuka haonjeshwi nyumbani hata punje.

#26 KijanaWaNgamiani
Kwa hiyo karanga za kuchemsha za pale stendi ya Kange ni chanjo?

#27 MwalimuWaBayo
Unacheka, lakini kuchemsha kunazipunguza makali kuliko kukaanga. Kukaanga kwa moto mkali kunazifanya zimwudhi zaidi mwenye aleji. Chanjo siyo.

#28 Mama_Sahare
Kwa kuwa mmetaja chanjo, wangu wa miezi tisa anavimba akigusa yai. Nimeogopa kumpeleka chanjo ya surua, nimeambiwa inatengenezwa kwa yai.

#29 NesiMstaafu
Mpeleke kesho asubuhi. Inakuzwa kwenye seli za kifaranga, protini ya yai inayobaki ni chembe isiyo na kishindo, na watoto wa aleji ya mayai wanachanjwa salama. Ya homa ya manjano ndiyo ya kumwambia mhudumu kwanza. Surua inaua watoto kuliko mayai.

#30 MtotoWaShamba
Mmesahau korosho. Nimekulia kwenye mikorosho. Tulikuwa tunazichoma kwenye bati, ule moshi na mafuta ya ganda vikikugusa uso unavimba na kuchubuka wiki nzima. Binamu yangu hata ganda la embe bichi linambabua midomo. Babu alisema mwembe na mkorosho ni ndugu. Na hapo kulikuwa na juisi ya embe.

#31 MwalimuWaBayo
Babu alikuwa sahihi, ni familia moja. Ila hayo ni mambo mawili. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi ya yeyote, hata wewe usiye na aleji ya chochote. Aleji ya korosho yenyewe, ile punje nyeupe, ni nyingine, na ni kali, kidogo tu kinatosha. Anaweza mtu kula embe lililomenywa miaka yote na punje moja ya korosho ikamlaza.

#32 MamaWaWatatu
Korosho hakuwahi kula nyumbani. Bei yenyewe mnaijua.

#33 Jirani_wa_Shughuli
Jamani nimeingia humu nikasoma mpaka mikono inatetemeka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa jikoni, namenya vitunguu.

Samaki hawakuwa changu. Changu walikuwa wa meza ya wazee. Sinia za kina mama zilikuwa na jodari, walinunuliwa soko la samaki la Deep Sea.

#34 Mvuvi_Sahare
NARUDISHA NYAVU BAHARINI. Nilisema mimi.

#35 NesiMstaafu
Mvuvi tulia. Jodari wa kulala huwa anapiga wengi kwa pamoja. Simfuti, ila mtoto mmoja kati ya watu wote wale!

#36 Mvuvi_Sahare
Mtoto ana pumu na mwili mdogo. Kipande kile kile, mtu mzima anaona joto tu usoni anasingizia pilipili. Umewauliza wote?

#37 Jirani_wa_Shughuli
Ngojeni sijamaliza. Kashata zilikuwa za nazi, si za karanga. Lakini sufuria ni lile lile lililotangulia kukaangia karanga, lilifutwa kwa kitambaa. Na pilau... mpishi wetu mnamjua, pilau yake na mchuzi wake hupati popote Tanga hii. Akifika kwenye masala anatutoa nje wote. Anaingia na kifuko chake, anafunga mlango. Kuna kitu anasaga. Mchuzi unatoka mzito, mweupeupe, si tui peke yake.

#38 MtotoWaShamba
Korosho. Mchuzi mzito mweupe ni korosho iliyosagwa. Au lozi.

#39 Mama_Chuda
Au ufuta uliosagwa. Au maziwa ya unga tu, msiapie.

#40 WajaLeo
Wapishi wa shughuli wanakwenda na siri zao kaburini, hapo hata polisi hawaambulii kitu.

#41 Baba_Raskazone
Niseme la mfukoni. Wangu ana aleji ya karanga, kathibitishwa. Niliambiwa nitafute ile kalamu ya adrenalini unayojichoma mwenyewe. Nimezunguka maduka ya dawa ya mjini hapa viatu vimeisha, sikuipata. Ndugu wa Marekani ndiye aliyeleta mbili, na bei aliyonitajia nilikaa chini. Sasa kalamu moja ipo shuleni, na barua ya daktari imebandikwa ofisi ya mwalimu. Kinachonisumbua ni watoto wenzake kubadilishana vitafunio. Nimemfundisha aseme "mimi karanga zinaniziba koo", wenzake wanamwita Koo. Amekubali jina.

#42 MamaWaWatatu
Asanteni wote, nimesoma kila neno. Nilimuuliza mama mkwe kuhusu jicho na kuhusu ufuta, akasema hata kama ni ufuta, nani aliyeufanya ufuta umgeukie mtoto siku ile ile ya kanzu? Sikuwa na jibu.

Daktari anataka nirudi na orodha kamili, kila kilichoingia siniani, ndipo aseme kipi kipimwe na kipi arudishiwe. Kwa hiyo nimemtuma shangazi kwa mpishi. Mpishi kwanza alikasirika, kasema amepika shughuli miaka thelathini hajaua mtu. Alipoambiwa mtoto alizimia alinyamaza kidogo. Kasema nije mwenyewe, peke yangu, baada ya laasiri, ataninong'oneza. Lakini niape kwamba sitaandika popote.

#43 KijanaWaNgamiani
Humu siyo popote.

#44 Binti_wa_Mkinga
Apa tu, dada. Mwambie daktari kwa kunong'ona pia.

#45 Mvuvi_Sahare
Ukifika, kabla ya huo mnong'ono, muulize jodari alimnunua saa ngapi, na alikaa wapi mpaka anapakwa nazi.